Sura ya Nne: Kiingilio Hulipwa Mlangoni

Ed Mintz alikuwa mpenzi mkubwa wa kazi za Neil Simon, bingwa wa tamthilia za kuchekesha nchini Marekani. Kwa hiyo mwaka 1978, ilipotoka The Cheap Detective, filamu iliyoandikwa na Simon mwenyewe na kuchezwa na Peter Falk, Mintz hakuona haja ya kuulizia. Alikata tiketi, akaketi, na filamu ilipokwisha akatoka akiwa amenuna. Karibu yake mtazamaji mwingine alikuwa akilalamika kwamba angependa kusikia maoni ya watu wa kawaida badala ya maneno ya wahakiki. Malalamiko ya namna hiyo husikika nje ya kumbi za sinema dunia nzima, na mara nyingi huishia hapohapo, watu wakitafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Mintz aliondoka nayo.

Njia ya kuyafanyia kazi aliipata kwenye kadi ya sadaka. Siku ya Yom Kippur Wayahudi washika dini hawaandiki, hivyo anayetaka kuahidi mchango hupewa kadi yenye vipande vya pembeni vinavyoonyesha viwango mbalimbali. Mintz akaona kwamba kadi ya aina hiyo ingemfaa pia mtu anayetoka ukumbini kwa haraka, hana kalamu wala nafasi ya kuandika. Hapo ndipo ilipozaliwa CinemaScore, kampuni yenye makao yake Las Vegas, ambayo hadi leo hutuma watu wake kwenye kumbi teule usiku wa kwanza wa filamu kubwa. Mtazamaji huitolea filamu alama kuanzia A hadi F, kisha hujaza umri wake, jinsia yake na kilichomvuta kuja.

Kiingilio cha sinema kina tabia mbili za pekee. Kwanza, hulipwa kabla mlipaji hajaona chochote, na akishaona hakirudishwi. Pili, hakifuati ubora. Jioni moja, kwenye jengo moja, filamu itakayokumbukwa kwa miaka hamsini na filamu itakayosahauliwa kabla ya Jumatatu huuzwa kwa bei ileile. Katika biashara nyingine bei yenyewe humnong'oneza mnunuzi jambo fulani kuhusu bidhaa. Kwenye dirisha la tiketi bei imekaa kimya, na mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2019 wastani wa bei ya tiketi Marekani ulikuwa dola 9.16, na hesabu hiyo ilimhusu aliyefurahi na aliyejuta sawasawa.

Mwaka 2023 kampuni ya AMC, yenye mtandao mkubwa wa kumbi nchini humo, ilijaribu kuvunja mazoea. Ilipandisha bei ya viti vya katikati na kushusha ile ya viti vya mbele kabisa. Jaribio hilo halikumaliza mwaka. Lakini hata hapo kilichobadilishwa ni bei ya kiti tu. Studio gani itakubali kutangaza kwamba filamu yake ya wiki hii ni ya nusu bei?

Anayetaka kuelewa kwa nini kelele za matangazo hupanda kila Alhamisi na Ijumaa hana budi kutazama pesa za tiketi zinavyogawanywa. Kiingilio hugawanywa kati ya mwenye ukumbi na studio, na mwenye ukumbi hutegemea sana bisi na soda ili faida ipatikane. Mwaka 2017, kwa ajili ya Star Wars: The Last Jedi, Disney ilidai asilimia 65 ya mapato ya tiketi, na filamu ikae kwenye ukumbi mkubwa kuliko zote kwa wiki nne. Masharti kama hayo yanaonyesha wazi umuhimu wa siku za mwanzo. Siku hizo watazamaji hawajapata nafasi ya kuambiana, na ujuzi wote kuhusu filamu uko mikononi mwa muuzaji.

Watazamaji wakishaambiana, mambo hubadilika. Juni 2003 Hulk ya Ang Lee iliingiza takriban dola milioni 62 Marekani mwisho wa juma la kwanza. Juma lililofuata mapato yalianguka kwa karibu asilimia 70. Miezi miwili baadaye Gigli, iliyowakutanisha Ben Affleck na Jennifer Lopez wakati mapenzi yao yakiuza magazeti kila siku, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 80. Ilikuwa imefunguliwa kwenye kumbi zaidi ya 2,000, lakini kufikia juma la tatu zilizobaki hazikufika mia moja. Hakuna mhakiki mwenye nguvu za kuondoa filamu kwenye kumbi nyingi hivyo kwa siku kumi na nne. Waliofanya kazi hiyo ni watu waliokwenda Ijumaa, wakawasimulia wenzao kazini Jumatatu.

Habari njema nazo husafiri vivyo hivyo, ingawa hazina mwendo wa kasi namna hiyo. Titanic, Desemba 1997, iliingiza takriban dola milioni 28 mwisho wa juma la kwanza na zaidi ya milioni 35 juma la pili, kisha ikakaa kileleni wiki 15 mfululizo. Na ipo My Big Fat Greek Wedding, vichekesho vya harusi ya familia ya Kigiriki vilivyotengenezwa kwa dola milioni 5 hivi. Ilianza Aprili 2002 kwenye kumbi 108 tu. Haikuwahi kushika nafasi ya kwanza hata juma moja, lakini ilipoondoka kwenye kumbi za Marekani ilikuwa imekusanya dola milioni 241. Binti alimpeleka mama, mama akampeleka dada yake, na dada akarudi na majirani. Tangazo la kununuliwa haliwezi kufanya hivyo.

Studio zinalijua jambo hili kuliko mtu yeyote, na zimetumia akili nyingi kuiga sauti ya jirani. Mfano wa kusikitisha kuliko yote ni wa mhakiki aliyeitwa David Manning.

Kuanzia mwaka 2000 jina lake lilionekana kwenye matangazo ya filamu za Columbia, studio iliyo chini ya Sony. Alisemekana kuandikia Ridgefield Press, gazeti dogo la kila wiki katika jimbo la Connecticut. Alimsifu Heath Ledger wa A Knight's Tale kama nyota mpya wa mwaka. Aliisifu The Animal, vichekesho vya Rob Schneider ambavyo wahakiki wengi hawakuvihurumia. Aliwahi pia kuzipigia debe Hollow Man na Vertical Limit. Juni 2001 John Horn wa jarida la Newsweek aliwapigia simu watu wa Ridgefield Press kuulizia habari za mwandishi wao, nao wakashangaa. Hawakuwa na mwandishi wa jina hilo. Manning hakuwapo popote, maana alikuwa amebuniwa na idara ya masoko ya studio. Siku chache baadaye ilijulikana kwamba "watazamaji" wawili waliosifu The Patriot katika tangazo la televisheni walikuwa wafanyakazi wa Sony.

Kesi iliyofuata ina uzito mkubwa katika sura hii kwa sababu ilihusu thamani ya tiketi moja. Watazamaji wa California walidai kwamba walivutwa ukumbini kwa uongo. Sony ilijitetea kwa kusema kuwa matangazo ya filamu yanalindwa na uhuru wa kujieleza, kwa vile filamu yenyewe inalindwa. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliukataa utetezi huo. Mwaka uliofuata Sony ilikubali kutenga dola milioni 1.5, na kila aliyekuwa ametazama moja ya filamu zilizohusika bila kuridhika aliweza kudai dola 5.

Dola tano ni fidia ndogo. Hata hivyo msimamo wa mahakama ulikuwa mkubwa: sifa zilizochapishwa juu ya bango ni sehemu ya biashara, na anayelipa kwa kuziamini ana haki ya kutodanganywa. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba Manning hakuhitajika. Studio zilikuwa na waandishi wa kutosha waliokuwa wakisafirishwa, wakalazwa hotelini, wakakutanishwa na waigizaji, kisha wakarudi na sifa tele. Maneno yao yalikuwa halali kisheria. Msomaji wa bango atajuaje kama aliyesema "ya kusisimua mno" alijilipia tiketi?

Shaka hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa majumlisho ya tahakiki. Agosti 1998 Senh Duong, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley na mpenzi wa filamu za Jackie Chan, alianza kukusanya tahakiki mahali pamoja na kuuita mkusanyiko huo Rotten Tomatoes. Leo asilimia yake hutazamwa Nairobi na Dar es Salaam sawa na Los Angeles. Anayesimama mbele ya ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, akiwa na simu mkononi huitazama kabla hajatazama saa za maonyesho.

Ni chombo chenye manufaa, mradi mtu akumbuke kinapima nini. Kila tahakiki huwekwa upande mmoja kati ya miwili, ndiyo au hapana, kisha huhesabiwa ndiyo ni ngapi katika mia. Zikifika 60, filamu hupewa nyanya nzima. Chukua filamu ambayo wahakiki mia moja wote wameiona ya wastani, ya kutazamika tu, sita kwa kumi. Itapata asilimia 100. Chukua nyingine ambayo wahakiki hamsini na tano wameiona bora kuliko zote maishani mwao na arobaini na tano wameichukia. Hiyo itapata 55 na nyanya iliyopasuka. Mtu anayeogopa kupoteza pesa atachagua ya kwanza, na huenda atatoka ukumbini bila kukumbuka hata jina la steringi. Asilimia humwambia ni watu wangapi hawakuchukizwa. Haimwambii kama kuna aliyependa kwa moyo wote.

Tena asilimia yenyewe inaweza kusukumwa. Mwaka 2023 jarida la New York, kupitia tovuti yake ya Vulture, liliripoti kwamba kampuni moja ya uhusiano ilikuwa ikiwalipa baadhi ya wahakiki wasiojulikana sana dola 50 au zaidi kwa tahakiki moja. Filamu iliyotajwa ilikuwa Ophelia, ya mwaka 2018, ambayo alama yake ilipanda kutoka 46 hadi 62, yaani ilivuka mstari wa nyanya nzima. Rotten Tomatoes iliziondoa filamu kadhaa zilizohusika na kampuni hiyo. Upande wa watazamaji nao ulipata msukosuko wake. Mapema mwaka 2019 Captain Marvel ilishambuliwa na watu ambao hawakuweza kuwa wameiona, maana ilikuwa haijatoka. Baada ya hapo utaratibu ulibadilishwa, na maoni ya watu waliothibitishwa kununua tiketi yakaanza kuwekwa mbele. Uthibitisho huo ulianza kupitia Fandango, ambayo ni muuza tiketi na ndiyo iliyoinunua Rotten Tomatoes mwaka 2016. Anayepima na anayeuza wanakaa nyumba moja. Hilo halithibitishi udanganyifu wowote, lakini mlipaji anastahili kulijua.

Kabla ya asilimia palikuwa na dole gumba. Gene Siskel wa Chicago Tribune na Roger Ebert wa Chicago Sun-Times, washindani wa magazeti mawili ya mji mmoja, walianza kipindi chao cha televisheni mwaka 1975, mwaka uleule Ebert alipokuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer. Dole juu au dole chini, basi. Wengi waliwalaumu kwa kuifanya sanaa ya uhakiki kuwa ishara ya mkono. Lawama hiyo inasahau kwamba kabla ya dole kulikuwa na dakika kadhaa za ubishi mkali, na ubishi huo ndio uliokuwa na thamani.

Mwaka 1987, katika kipindi kimoja, Ebert aliipa dole chini Full Metal Jacket ya Stanley Kubrick na dole juu Benji the Hunted, filamu ya mbwa anayewalea watoto wa puma. Siskel hakuamini masikio yake, akamsuta mwenzake mbele ya taifa zima. Ebert alishikilia hoja yake: kila filamu ipimwe kwa kile inachokusudia na kwa watu inaowalenga. Mzazi mwenye watoto wawili na pesa za tiketi tatu alitoka kwenye ubishi ule akijua la kufanya. Mpenzi wa Kubrick naye alijua la kufanya, na ni tofauti kabisa. Wote wawili walisaidiwa na watu wasiokubaliana, kwa sababu walikuwa wamewasikiliza kwa muda mrefu hata wakajua kila mmoja anapenda nini na hulegea wapi. Mhakiki mmoja anayefahamika vizuri, hata kama hukosea kila mara kwa upande uleule, humfaa mlipaji kuliko wastani wa mia wasiojulikana.

Pwani ya Afrika Mashariki ililijua hilo zamani. Zanzibar ilikuwa na jengo la sinema la kifahari tangu mwaka 1921, Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic. Katika miaka ya 1950 Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi, familia zikivaa vizuri na kwenda pamoja, na kulikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake peke yao. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilijaza kumbi kiasi kwamba walanguzi wa tiketi walipata riziki yao hapohapo mlangoni. Bei ya mlanguzi ilikuwa kipimo ambacho dirisha la tiketi halikuwa nacho, kwa kuwa ilipanda na kushuka kulingana na yale yaliyosemwa mitaani juma zima. Mtu hakusoma tahakiki. Alisikia shangazi akiimba wimbo wa filamu jikoni, akajua.

Mabanda ya video yaliyokuja baadaye yalihamishia uamuzi kwa msimuliaji. DJ Afro nchini Kenya, Lufufu nchini Tanzania, VJ Jingo nchini Uganda: hawa walichukua filamu za Hollywood, Hong Kong na India wakazisimulia upya kwa lugha ya watazamaji wao, wakiongeza majina, utani na maelezo yasiyokuwamo. Watu waliuliza nani kaitafsiri kabla ya kuuliza nani kaigiza. Kiingilio kilikuwa kidogo, lakini kwa mtu mwenye kidogo uamuzi hauwi mdogo, na sauti iliyozoeleka ilikuwa dhamana ya kutosha.

Kuna mambo ambayo hata sauti ya kuaminika haiyafikii. Septemba 2017 filamu ya mother! ya Darren Aronofsky, iliyochezwa na Jennifer Lawrence, ilipata F kwenye kadi za CinemaScore, alama ambayo ni filamu chache mno zimewahi kupewa. Wakati huohuo wahakiki wengi waliisifu. Pande zote mbili zilisema kweli. Matangazo yaliiuza kama filamu ya kutisha, na waliokuja Ijumaa walikuja kutishwa, wakakuta fumbo zito lenye ishara za Biblia ndani yake. Walichokipa F ni ahadi iliyovunjwa. Anayejua anakwenda kutazama fumbo angeweza kulipa kiingilio hichohicho na kutoka ameridhika.

Februari 2018 Kisumu ilipata onyesho lake la Black Panther mapema kabisa. Gavana wa kaunti hiyo alikuwa Anyang' Nyong'o, na binti yake Lupita alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu. Filamu hiyo ilipata A+ kwenye kadi za Marekani, lakini waliovaa mavazi yao bora usiku ule kando ya Ziwa Victoria hawakuwa wakisubiri alama kutoka Las Vegas. Walilipia kuwapo ukumbini pamoja na wenzao wakati binti wa nyumbani anatokea kwenye pazia. Wiki mbili baadaye filamu ingekuwa ileile, lakini usiku ule usingekuwapo tena. Hesabu yoyote ya thamani ya tiketi isiyoacha nafasi kwa jambo hili imepungua.

Ndiyo maana ushauri wa kusubiri juma moja, ulio mzuri kwa filamu zenye matangazo makubwa, una gharama yake. The Shawshank Redemption ilitoka mwaka 1994 kwa bajeti ya dola milioni 25 na kuingiza takriban milioni 16 tu katika mzunguko wake wa kwanza. Wahakiki waliipenda, lakini watu walisubiri. Iliokolewa na uteuzi wa tuzo saba za Oscar, kanda za video na televisheni, na leo wengi waliompenda mhusika wake mkuu, Andy Dufresne, hawajawahi kumwona kwenye pazia kubwa. Filamu hiyo ilikuwa na studio ya Marekani nyuma yake. Filamu ya Kiswahili inayopewa maonyesho machache kwa siku, tena saa ambazo watu wako kazini, haina video wala Oscar ya kuitetea baadaye. Kumbi zikiwa tupu Ijumaa, Alhamisi inayofuata nafasi yake imeshapewa nyingine.

Kwa filamu hizo mtazamaji wa huku ana ujuzi ambao hakuna asilimia inayoweza kumpa. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, wahakiki wa kule walikuwa wakikutana na wahusika wake, Yasmin na Denge, kwa mara ya kwanza. Nchini Tanzania riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hiyo ilikuwa imesomwa na kujadiliwa madarasani kwa miaka. Msomaji wake alikuwa ameshaishi na Yasmin tangu ndoa yake na Bwana Raza, ameshabishana na wenzake kuhusu siasa za Denge, na Zanzibar ya wakati wa mkoloni alikuwa ameshaijenga kichwani mwake. Alikuwa na maswali yake ya kupeleka ukumbini, na majibu yake yalikuwa upande wa pili wa dirisha la tiketi.